Nyumba ya Kamba, Baraza ya Mawe

Siku niliyopewa talaka nilirudishwa kwetu na mkokoteni mmoja, na mkokoteni wenyewe haukujaa. Palikuwa na sanduku la nguo, cherehani ya mkono, godoro, na sufuria mbili ambazo mpaka leo nina hakika moja haikuwa yangu. Hamali alivuta bila kutoa jasho. Mimi nilimfuata nyuma ndani ya buibui langu, nikiutazama mzigo ule unavyotikisika kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, na kila mtu aliyekuwa mlangoni pake aliutazama pia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilisema moyoni kwamba mimi sitapakiwa tena. Nitapata kitu cha kwangu ambacho hakuna mtu atakayeweza kukiondoa.

Wazazi wangu wote wawili walikuwa wamekwishatangulia mbele ya haki. Nilikwenda kwa mama mdogo, mjane, mpishi wa harusi, aliyekuwa na chumba kimoja cha kupanga si mbali na Ngome. Alikuwa na mikono iliyozoea masufuria makubwa na mdomo uliozoea kuamrisha wanawake ishirini kwa wakati mmoja. Alinipokea bila kunipa pole. Alinipa kisu na gunia la vitunguu, akaniambia kama ni kulia basi nilie huku nafanya kazi.

Ilikuwa miaka ya vita. Kisiwa kilikuwa kimejaa watu hata hujui walikotoka wote. Bandari iliita, reli iliita, na vijana wa bara walishuka kila siku na mabunda yao wakitafuta pa kulaza ubavu. Wengine walilala kwa zamu kwenye kitanda kimoja, huyu akiamka kwenda kazini mwenzake ndiyo anarudi. Mama mdogo alikuwa akiyaona hayo njiani anapokwenda sokoni, na siku moja, tukiwa tunachambua mchele wa harusi ya watu, alisema, "Wao watafuta pa kulala. Wewe watafuta pa kukaa. Jenga."

Nilicheka. Nijenge kwa fedha gani? Ardhi ya kisiwa ilikuwa ya wenyewe tangu zamani: familia kongwe za mji, matajiri wa Kihindi, serikali. Bei ya kipande cha kutandika mkeka tu nisingeifikia hata kama ningeshona kofia mpaka macho yatoke.

"Nani kakwambia ununue ardhi?" akasema. "Kodi kiwanja."

Mtu wa kwingine huenda asielewe. Kwetu ardhi ilikuwa na mwenyewe, na nyumba iliyo juu yake ikawa na mwenyewe mwingine. Mwenye nyumba alimlipa mwenye ardhi kodi ndogo ya kila mwezi, na vyumba alivipangisha kwa faida yake. Nyumba unaweza kuiuza, kuirithisha, hata kuiweka rehani, na mchanga ulio chini yake usiwe wako hata gao moja la kiganja. Ndivyo watu wengi wasio na kitu walivyoanza. Walianza na paa, ardhi wakaiachia wenyewe.

Mama mdogo alinipeleka kwa bibi mmoja wa familia kongwe, aliyemjua kwa kumpikia harusi za wajukuu. Alikaa kwenye nyumba ya ghorofa hapo hapo Mji wa Kale, na viwanja vyake vilikuwa upande wa juu wa kisiwa, kuelekea Makupa. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, ameketi kitandani akijipepea kwa kipepeo cha ukindu, na alinitazama kutoka ukaya wa kichwani mpaka visigino kabla ya kuitikia salamu yangu.

"Wataka kujenga."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Una mume?"

"Sina. Nimeachwa."

"Basi wajenga na nani?"

Nikamwonyesha mkono wangu. "Na bangili zangu."

Hilo lilimpendeza, niliona pembe za midomo yake. Akaniambia masharti. Kodi nimletee mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kila mwezi ukiandama. Nyumba iwe ya boriti na udongo. Nisitie jiwe na chokaa, nisichimbe kisima, nisipande mnazi.

"Sikiza, mwanangu. Usijenge kitu usichoweza kukibeba."

"Na choo, Bi Mkubwa?" nikauliza. "Nacho nikibebe?"

Mama mdogo alinifinya paja. Bi Mkubwa aliacha kujipepea. "Hicho," akasema, "utaniachia."

Nilitoka pale nimefurahi, na kwa furaha ile maneno ya kubeba na kutobeba niliyatia kwenye fungu la maneno ya wazee. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini yalinichoma kidogo hapa kifuani.

Bangili zikaenda kwa sonara. Tulianza na vyumba viwili tu, kimoja chetu na kimoja cha kupangisha, na ukumbi katikati ambao upande wake wa pili ulikuwa hewa tupu. Fundi alisimamisha boriti, akazifunga fito kwa kamba za usumba wa nazi, kila fundo mahali pake, kwa sababu misumari wakati ule ilikuwa adimu kuliko sukari. Nilinung'unika. Niliona nyumba ya kamba ni nyumba ya maskini. Udongo mwekundu uliletwa kwa mikokoteni ukakandikwa, na juu tukaezeka makuti. Nilikandika mwenyewe kuta za ndani kwa viganja vyangu, na alama za vidole vyangu zilibaki pale nyuma ya mlango kwa miaka yote.

Mpangaji wa kwanza alikuwa mtu wa reli kutoka bara, Mkristo, mrefu hata akawa anainama kupita mlangoni. Alinizidi umri kwa miaka kumi lakini aliniita mama, na Kiswahili chake kilikuwa kinatupa kicheko ukumbi mzima. Alilipa miezi minne mbele, kwa hofu asije mwingine akakinyakua chumba, na miezi ile minne ndiyo iliyosimamisha upande wa pili. Vyumba vipya navyo vikajenga vingine. Sikuwahi kuwa na fedha ya kukaa. Ikitoka kwa mpangaji inaingia kwenye boriti, na mimi naendelea kushona kofia na kula mkate wa jana. Mwaka wa pili nyumba ilikuwa na vyumba sita na ua, na makuti nikayatoa nikaezeka madebe ya petroli yaliyonyooshwa, yaliyokuwa yakiuzwa kila pembe kwa sababu ya vita. Mvua ikipiga huwezi kusikia adhana. Nilizipenda kelele zile.

Mtu wa reli alishangaa sana alipojua habari ya ardhi. "Nyumba yako, mama, lakini udongo si wako? Kwetu mtu hajengi kwa mtu."

"Basi mbona wewe waishi hapa na si kwenu?" nikamjibu. Lakini neno lake liliniudhi siku nzima.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nyumba ile haikuwa na baraza. Ilikuwa na mlango, na nje ya mlango mchanga. Mtu akija kunitaka anasimama juani kama mdai. Na mimi, mwanamke kijana, nimeachwa, nina wapangaji wanaume ndani. Majirani walikuwa na la kusema, na walilisema. Nyumba yenye baraza ina watu wake. Wazee wa mtaa hupita wakakaa, mtu hunywa kahawa, kila aingiaye na atokaye huonekana mchana kweupe. Baba yangu alikuwa na baraza, na hakuna siku niliyowahi kusikia neno baya juu ya nyumba ya baba yangu.

Nilijenga ya udongo. Masika yakaja yakaila. Nikajenga tena, pana zaidi, na masika yaliyofuata hayakuacha hata nundu. Nilisimama mlangoni nikaangalia maji mekundu yanavyotiririka barabarani na jasho langu ndani yake, nikamwita fundi, nikamwambia safari hii tia mawe. Alinitazama. "Bi Mkubwa ajua?" Nikamwambia baraza si nyumba. Baraza iko nje. Nilikuwa nimejipangia hoja hiyo kitambo na niliona haina tundu.

Alijenga kwa matumbawe na chokaa, akailainisha mpaka ikawa nyeupe inang'aa. Ilikuwa nzuri. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa nikitoka asubuhi, kabla watu hawajaamka, naiwekea kiganja kuona ilivyo baridi. Nyumba nzima ilikuwa inatikisika upepo ukivuma, boriti zinalia, madebe yanapiga makofi. Baraza haikutikisika. Wazee wawili wa mtaa wakaanza kukaa pale baada ya alasiri, na maneno ya majirani yakapoa. Mwezi ule wa Ramadhani tulifuturisha pale nje, wapangaji na wazee pamoja, na mtu wa reli alifunga siku moja kwa heshima, akasema hatarudia.

Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipoandama nilichukua kodi ya kiwanja nikaenda Mji wa Kale. Bi Mkubwa alinipokea vizuri kuliko siku zote. Akaagiza kahawa, akaagiza halua, akaniuliza habari za mama mdogo na harusi alizopika. Nikaweka fedha kwenye sinia, mbele yake, kama kawaida. Akazisukuma kwa kidole zikarudi upande wangu.

"Rudi nazo, mwanangu. Zako."

Nilifurahi! Nilimbusu mkono. Nilidhani ni sadaka ya baada ya mfungo, kwamba mama huyu ameona juhudi yangu amenisamehe mwezi mmoja. Njiani nilinunua samaki mkubwa, nguru, na nilifika nyumbani nikimsifu Bi Mkubwa tangu ukumbini.

Mama mdogo alikuwa anakuna nazi. Aliacha kukuna. "Hakuzishika?"

"Hata kuzishika hakuzishika. Kanambia ni zangu."

"Mwana we, una wazimu? Kakukataa!" Akainuka na mbuzi ya nazi mkononi. "Asiyepokea kodi yako hana mpangaji. Kuanzia leo wewe humo kwenye ardhi yake. Wewe ni mtu tu aliyetupa taka zake pale, na siku akitaka atamwambia mtu azifagie!"

Nguru yule hakuliwa kwa raha. Nililala nikihesabu boriti za dari, na kila boriti ilikuwa bangili, au kofia, au mwezi wa mtu wa reli. Kila nilichokuwa nacho duniani kilikuwa kimefungwa kwa kamba juu ya kichwa changu.

Mfungo pili nikarudi. Kahawa ikaja, halua ikaja, fedha zikasukumwa. Safari hii sikubusu mkono. Nikauliza nimekosa nini.

"Nasikia una baraza nzuri," akasema Bi Mkubwa. "Ya mawe."

"Ni baraza tu, Bi Mkubwa. Iko nje ya nyumba."

"Iko juu ya nini?"

Tundu la hoja yangu lilikuwa hapo tangu mwanzo, pana hata ungepitisha ngamia. Akanieleza, polepole, kwamba baba yake alimpa mtu kiwanja ajenge udongo. Mtu yule alitia msingi wa mawe mwaka mmoja, ukuta wa mawe mwaka mwingine, na baba yake akaona haya kumsema kwa sababu walikuwa wakisali safu moja. Mtu alipokufa wanawe walikwenda kortini wakaonyesha mawe. Ardhi ikaenda.

"Baba alikufa akiuliza ilikwendaje," akasema.

"Mimi si mtu yule, Bi Mkubwa."

"Hata yeye alikuwa akisema hivyo."

Nilitoka nimekasirika hata nilisahau kuaga vizuri. Nilimkasirikia yeye na ghorofa yake na halua yake. Yeye alizaliwa juu ya mawe, bibi yake alizaliwa juu ya mawe, na mimi nimeomba pa kuketi tu, urefu wa mtu mmoja na nusu. Mama mdogo alinizunguka kama anavyozunguka sufuria ya pilau, bila kufunua. Mwisho alisema tu, "Baraza au nyumba. Mfungo tatu hauko mbali."

Jumapili ya kwanza ya Mfungo tatu nilimwomba mtu wa reli, kwa sababu alikuwa nyumbani na alikuwa na nyundo ya kazini. Hakuuliza neno, wala hakunikumbusha la kwao. Alivua shati akaanza. Pigo la kwanza baraza haikusikia. La tatu ilipasuka. Nilisimama pale mpaka jiwe la mwisho, nikalia mbele ya watu, na wazee wetu wawili wakasimama kando wakiangalia chini kama walio maziarani. Fundi, aliyekuja kutazama, alisema mawe mazuri yale niyauze. Nikamwambia hapana. Niitie hamali.

Ulikuwa mkokoteni mzito. Hamali huyu alitoa jasho. Tulishuka naye mpaka Mji wa Kale, kwenye vichochoro vile vile, na watu walitoka milangoni vile vile, na safari hii niliwatazama usoni mmoja mmoja. Mbele ya nyumba ya Bi Mkubwa nikamwambia hamali amwage. Kishindo kilimtoa dirishani juu.

"Nini hicho?"

"Baraza!" nikapaza sauti, na sauti yenyewe haikuwa ya adabu. "Uliniambia nisijenge kitu nisichoweza kukibeba. Nimekibeba!"

Alitoweka dirishani. Nilisikia kicheko kinashuka ngazi, kinakatwa na kikohozi, kinaendelea. Alifungua mlango mwenyewe. Alitazama lile rundo, akanitazama mimi na vumbi langu la chokaa, akanyoosha kiganja. "Lete kodi," akasema. "Zote tatu."

Ndani ya mlango wake, dakani, palikuwa na baraza ya mawe ya kukaribishia wageni, na pembe yake moja ilikuwa imemomonyoka zamani. Nilipokuja mwezi uliofuata pembe ilikuwa imejengwa, kwa mawe yangu, na chokaa yake ilikuwa nyeupe kuliko ya zamani. Tangu siku hiyo hakunipandisha juu tena. Alishuka yeye, akakaa upande wa zamani, na pembe ile aliniachia mimi. Tulikunywa kahawa hapo kwa miaka mitatu. Sikuwahi kumwambia nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe, lakini nilikuwa nikiihesabu siku ya kwenda kwake.

Alikufa mwishoni mwa miaka ile ya arubaini. Warithi waliuza viwanja vya juu kwa tajiri mmoja aliyetaka kuweka ghala, na sote tuliokuwa pale tukapewa muda mfupi wa kuhama. Kulikuwa na kilio mtaani. Jirani yangu wa upande wa kaskazini alikuwa ametia saruji kimya kimya, sakafu nzima na kuta mpaka magotini, akijua Bi Mkubwa ni mzee hatafika kuona. Alikwenda kortini na saruji yake, ikashindwa, na yeye akaondoka na milango tu.

Mimi nilimwita fundi wangu, akaja na kisu. Mafundo yaliyofungwa kwa kukosa misumari yalifunguka moja baada ya jingine. Fito zikashuka, boriti zikashuka nzima nzima, madebe yakapangwa kama sahani. Ilikuwa mikokoteni tisa, na yote ilijaa. Mtu wa reli alibeba mlango wa chumba chake mgongoni mwenyewe, akisema hawaamini mahamali. Wapangaji wangu wote walihama na nyumba yangu. Mama mdogo alikaa juu ya boriti za mkokoteni wa mbele na taa ya chemni mapajani, akiamrisha. Nyuma yetu palibaki udongo, na choo. Hicho nilimwachia tajiri kwa moyo mkunjufu.

Nyumba ilisimama tena kwenye kiwanja kingine kabla mwezi haujaisha. Ikazaa ya pili. Na hizo mbili ndizo zilizoninunulia, baadaye sana, kipande cha ardhi chenye hati na jina langu, nilipojenga mawe mpaka nikatosheka. Watu huniuliza nilianzaje na mikono mitupu, nami huwaambia habari za bangili na miezi minne ya mtu wa reli, kwa sababu hayo ndiyo wanayotaka kuyasikia.

Lakini nikishuka Mji wa Kale hupita kwenye nyumba ile. Mlango wake huwa wazi mchana. Huingia dakani, nikakaa pembeni pangu, nikatia kiganja kwenye jiwe. Chokaa yake imekwisha kuwa rangi moja na ya zamani, mtu mwingine hawezi kujua. Juzi alishuka msichana wa nyumba, kitukuu nadhani, akanikuta.

"Shikamuu, bibi. Wamtaka nani?"

"Simtaki mtu, mwanangu," nikamwambia. "Nimekaa kwangu kidogo."